Programu imekamilika Kisii, itafunguka Nyamira?

Katika shule nyingi za Kisii na Nyamira, programu ya kuchanganua matokeo ya mitihani haiji kwa intaneti. Inakuja mfukoni, ndani ya flashi. Kijana aliyesomea kompyuta ameiunda kwa ajili ya shule moja, mwalimu anayesimamia mitihani katika shule jirani akaiona, akaiomba, naye akampa mwenzake. Kabla muhula haujaisha imevuka Keroka na kuingia kaunti ya pili bila mwenyewe kujua. Kwa muundaji hiyo ni fahari, mpaka simu zianze kulia: "Kijana wangu, kile kitu chako kimekataa kufunguka." Kijana huwa na jibu moja tu, kwamba kwake kinafunguka.

Ni kweli, kwake kinafunguka. Kompyuta ya muundaji imejaa vitu ambavyo programu inavitegemea, alivyoviweka siku nyingi zilizopita akavisahau. Aliyeandika kwa Python anayo Python yenyewe pamoja na maktaba zake, yaani misimbo ya watu wengine anayoiazima kuchora majedwali au kuchapisha ripoti. Wa Java ana Java, wa C# ana .NET ya toleo fulani. Ofisini kwa mwalimu hakuna hata kimoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayesambaza ni kufungasha: kukusanya programu na vyote inavyovihitaji viende pamoja. Kwa Python wengi hutumia PyInstaller, Java ina jpackage, na .NET ya sasa huweza kutolewa ikiwa imebeba kila kitu chake.

PyInstaller hukupa uamuzi mmoja unaoonekana mdogo: utoe folda yenye mafaili mengi au faili moja la .exe. Vijana hupenda faili moja kwa sababu linapendeza na ni rahisi kunakili. Mimi napendelea folda. Faili moja hulazimika kujifungua upya ndani ya folda ya muda kila linapoanzishwa, na kwenye diski kuukuu mwalimu atabofya, asione kitu, abofye tena na tena, mwishowe madirisha manne yafunguke kwa mpigo. Isitoshe, waandishi wa virusi wameutumia sana mtindo huohuo wa kujifungua, ndiyo maana antivairasi huishuku programu isiyo na kosa lolote.

Lipo pia suala la mashine yenyewe. Kompyuta za shule nyingi ni mtumba, zile za ex-UK, na baadhi bado zina Windows 7, pengine ya biti 32. Python 3.9, iliyotoka Oktoba 2020, haifanyi kazi kwenye Windows 7. Ya mwisho kuikubali ni 3.8. Programu iliyofungashwa kwa biti 64 haitafunguka kabisa kwenye Windows ya biti 32, ilhali ya biti 32 kwa kawaida hufunguka kote kuwili. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kompyuta hizo hazikuzimika siku hizo. Kuendelea kuzitumia kwenye intaneti ni hatari, na mwalimu aambiwe hivyo. Hata hivyo, kama ndizo zilizopo, programu ijaribiwe kwenye kompyuta mbovu kuliko zote unazoweza kuazima, ambayo haijawahi kuwekewa zana yoyote ya kuandikia programu.

Kisha alama. Hapa ndipo programu nyingi za nyumbani huharibikia, na huharibika kimyakimya. Muundaji huweka hifadhidata, lile faili lenye majina na alama za wanafunzi, kando ya programu yenyewe. Kwake haina shida. Lakini programu ikisakinishwa mahali pake pa kawaida, ndani ya Program Files, Windows humzuia mtumiaji wa kawaida kuandika humo. Programu mpya hugoma na kutoa ujumbe wa kosa. Zile za zamani za biti 32, kama zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, huweza kufanyiwa jambo la ajabu zaidi: tangu Windows Vista, mfumo huzihadaa. Huziruhusu ziandike, ila faili hupelekwa kimyakimya kwenye folda ya siri iitwayo VirtualStore, chini ya jina la mtumiaji aliyeingia wakati huo. Tuseme karani ameingiza alama za Kidato cha Tatu akiwa kwenye akaunti yake. Kesho yake mwalimu anafungua programu ileile, kompyuta ileile, kwa akaunti nyingine, na darasa zima ni tupu. Atasema virusi vimekula alama. Hazijaliwa, ziko kwa karani.

Dawa yake ni kutenganisha. Programu ikae Program Files, na alama zikae kwenye folda ya ProgramData, ambayo watumiaji wote wa kompyuta hiyo huifikia. Hata hapo pana mtego: kwa kawaida faili lililoundwa na mtumiaji mmoja humo wengine hulisoma tu, hawalibadilishi, hivyo kisakinishi kiagizwe kutoa ruhusa hiyo mapema. Inno Setup, chombo cha kutengenezea visakinishi ambacho kimekuwapo tangu 1997, hufanya hivyo kwa mstari mmoja wa maagizo.

Sasa turudi kwenye flashi, kwa sababu ina siri ambayo wengi hawaijui. Faili likipakuliwa kutoka intaneti, Windows hulitia alama ya kuonyesha lilikotoka, na ukilifungua, mlinzi aitwaye SmartScreen hutokeza dirisha la buluu kukuonya kwamba mtoaji hajulikani. Alama hiyo hukaa kwenye diski ya mpangilio wa NTFS. Flashi nyingi zina mpangilio wa FAT32 au exFAT, usioweza kuibeba. Faili likinakiliwa kwenda kwenye flashi, alama hubaki nyuma, na ofisini kwa mwalimu onyo halitokei. Walimu hudhani ya flashi ni salama kuliko ya intaneti, kumbe imepita mlango usio na mlinzi. Tena vipo virusi kama Sality, vinavyojulikana tangu 2003, ambavyo kazi yao ni kujibandika ndani ya mafaili ya .exe. Programu iliyotoka safi kwa muundaji inaweza kufika shule ya tano ikiwa na abiria.

Tiba kamili ni sahihi ya kidijitali, ambayo huvunjika faili likiguswa hata herufi moja. Lakini cheti chake kwa kawaida hulipiwa, na tangu Juni 2023 ufunguo wake wa siri ni lazima utunzwe kwenye kifaa maalumu. Kwa kijana anayeuza programu kwa shule chache, hizo ni pesa nyingi. Kilicho bure ni alama ya kidole ya SHA-256: tarakimu na herufi 64 zinazotokana na faili lenyewe. Mpelekee mwalimu kwa njia nyingine, kwa WhatsApp mathalani, naye azilinganishe na zile atakazopewa na amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows. Inachosha, nakiri. Ila ule ushauri unaotolewa kila kukicha, "zima antivairasi kwanza halafu uweke", ni wa hovyo, na anayeutoa anamfundisha mwalimu tabia itakayomponza kesho na programu ya mtu mwingine.

Kabla ya kutoa nakala, fungua hifadhidata uangalie imebeba nini. Si ajabu kukuta majina na alama za wanafunzi wa shule ya kwanza, yaliyotumika wakati wa majaribio, yakisafiri kwenda shule ya pili na ya tatu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu hayo kuwa data za watu binafsi, tena za watoto.

Nambari ya toleo ionekane kwenye dirisha la kwanza, ili simu ikipigwa swali la kwanza liwe "Toleo gani, mwalimu?" Viwango vya madaraja viwe kwenye mipangilio, visizikwe ndani ya msimbo, kwa kuwa KCSE ina madaraja 12 kuanzia A hadi E na mtaala mpya unapima kwa njia yake. Toleo jipya likisakinishwa, libadilishe programu na kuziacha alama. Vivyo hivyo mtu akiiondoa: folda ya alama isiguswe, maana anayeifuta programu kwa hasira Aprili huitafuta tena Julai, ripoti za muhula wa pili zikidaiwa.