JINSI UTANUKAJI WA ULIMWENGU UNAVYOPIMWA

Wataalamu wa nyota watuambia kwamba ulimwengu unatanuka, na yale makundi makubwa ya nyota yaitwayo galaksi yazidi kuachana. Mtu aweza kuuliza: wamejuaje, na hali hakuna aliyefika huko na kamba ya kupimia? Jibu ni kwamba hupima mambo mawili: mwendo na umbali.

Mwendo si mgumu kupimwa. Mwanga wa galaksi ukitengwa kwa chombo maalum hutoa rangi kama za upinde wa mvua, zenye mistari myeusi. Galaksi ikienda mbali nasi, mistari hiyo husogea upande wa wekundu. Ikisogea sana, mwendo ni mkubwa.

Umbali ndio wenye taabu. Ukisimama nje ya bweni usiku, kibatari kilicho karibu chaweza kuonekana sawa na karabai iliyo mbali. Lakini ukijua hakika kwamba ile ni karabai, utaweza kukisia umbali wake. Karabai za wataalamu ni nyota za Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 Bibi Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani, alionyesha kwamba zamu ikiwa ndefu, nyota yenyewe ina mwanga mkubwa zaidi.

Mwaka 1929 Edwin Hubble aliona kwamba galaksi iliyo mbali mara mbili hukimbia mara mbili. Alipata kilomita 500 hivi kwa sekunde, kwa kila umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka milioni 3.26. Kwa hesabu hiyo ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 2 tu, na kumbe iko miamba ya dunia yenye zaidi ya bilioni 3! Mtoto amzidije mama umri? Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba Sefeidi ni za aina mbili. Karabai zilikuwa zimehesabiwa kuwa vibatari, hata galaksi zikadhaniwa kuwa karibu.

Siku hizi Sefeidi, pamoja na nyota zilipukazo, hutoa kilomita 73 hivi. Lakini mwanga mkongwe kuliko wote, uliopimwa na chombo cha Planck kilichorushwa mwaka 2009, hutoa 67. Tofauti hiyo haijapata maelezo yaliyokubaliwa na wote. Basi, wanafunzi wenzangu, tusidhani kwamba wakubwa wamekwisha maliza hesabu zote. Hii ingali inangoja.

Mwanafunzi, Kidato cha IV