Roketi ya Kizibo cha Mvinyo

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na kisa alichokipenda kuliko vyote hakikuwa cha papa wala cha dhoruba. Kilikuwa cha tarehe 12 Desemba 1970. Watu walikuwa wakisherehekea miaka saba ya uhuru wa Kenya, na huko baharini, juu ya jukwaa la chuma la Waitaliano liitwalo San Marco, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ikaondoka na setilaiti. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Baba hakujua eksirei ni kitu gani. Alichotusimulia ni ule mngurumo, na jinsi alivyoduwaa hata mshipi ukamponyoka ukaenda na maji.

Roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Mimi nafundisha sayansi, na zangu huondokea uwanja wa mpira wa shule, kila Ijumaa baada ya masomo, upepo ukiwa mdogo.

Vifaa ni chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, sindano ya kujazia mpira, pampu ya baiskeli, maji ya bomba na kizibo. Chupa twaokota. Pampu ni ya fundi wa baiskeli wa njia panda, anayetuazima kwa sharti moja, kwamba naye aje kutazama. Kilichonitesa ni kizibo. Nilichonga kipande cha ndara, hewa ikavuja pembeni. Nikachonga mti mwepesi, ukapasuka. Mwishowe mwanafunzi mmoja ambaye mamake hufanya usafi hotelini akaniletea vizibo vya chupa za mvinyo, kikapu tele. Malindi ina Waitaliano wengi, na Mtaliano hali bila mvinyo.

Kizibo hicho ni kinene kidogo kuliko mdomo wa chupa ya soda. Unakisugua kwa msasa mpaka kiingie kwa kulazimishwa, unakikata kiwe kifupi kuliko sindano, kisha unaipenyeza sindano katikati hadi ncha itokeze upande wa pili. Mzazi mmoja alikuja shuleni amekasirika: "Mwalimu, mtoto arudi nyumbani na vizibo vya ulevi mfukoni, mwafundishana nini?" Nilimpa kiti akatazama. Wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa.

Maji yawe thuluthi ya chupa, kisha kizibo kitiwe, chupa isimame mdomo chini, na ipampuliwe kupitia sindano mpaka kizibo kifyatuke. Hapa ndipo wanafunzi hubisha, nami huwaacha wajaribu wenyewe. Chupa isiyo na maji hulia pwa! ikaruka kidogo ikaanguka. Iliyojaa hadi shingoni humwaga maji miguuni ikabaki imeduwaa. Ya thuluthi huondoka kwa mfoko mmoja, ikatuacha sote tumelowa.

Sababu yake mtoto wa Ngomeni haelezwi mara mbili. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu, mtumbwi hurudi nyuma. Anayeruka akiwa mzito, na akiruka kwa kasi, mtumbwi husukumwa zaidi. Basi chupa ndiyo mtumbwi, maji ndiye mrukaji, na hewa iliyobanwa ndiyo miguu yake. Hewa peke yake ni nyepesi mno, kama kuruka kwa panya. Nayo maji yakizidi, hewa haina nafasi, na mrukaji mnene huyo hana miguu.

Wengi hudhani roketi huisukuma ardhi, au hewa iliyo nyuma yake. Wasione haya. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, Mmarekani aliyesema roketi yaweza kwenda pasipo na hewa, likadai kwamba hajui hata fizikia ya shuleni. Lilijisahihisha Julai 1969, watu watatu wakiwa njiani kwenda mwezini na Goddard akiwa kaburini tangu 1945. Roketi yake ya kwanza ya mafuta ya majimaji, tarehe 16 Machi 1926, ilipanda mita 12 na nusu tu ikaangukia kwenye kabichi. Yetu, ikikubali, huvuka mnazi wa kona ya uwanja. "Mwalimu, tumemshinda?" Kwa kimo, ndiyo. Ila yake ilibeba moto wake yenyewe, yetu yahitaji mtu wa kupampu.

Ya kwanza kabisa niliirusha bila kitu puani. Ilipanda kama urefu wa nyumba, ikapinduka, ikaenda mlalo juu ya ua na kutua katika sufuria ya mbaazi ya jirani yangu anayeuza mahamri. "Mwalimu," akaniambia, "zirushie baharini hizo chupa zako, kule kwa wenzio Wataliano." Nililipa mbaazi zote.

Kosa lilikuwa langu, na mshale wa Kigiriama ungenifunza mapema: chuma mbele, manyoya nyuma. Siku hizi tunapachika udongo wa mfinyanzi kwenye kitako cha chupa, ambacho ndicho pua ya roketi, kiasi cha ngumi ya mtoto, na karibu na mdomo tunagundisha mapezi matatu ya katoni kwa utepe. Kisha twaifunga uzi pale inaposimama mizani na kuizungusha juu ya kichwa. Pua ikitangulia, twairusha. Ikizunguka ovyo, twaongeza udongo. Mwavuli wa kuishusha polepole tuliushona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu wa mvua, maana majuala yalipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Hufunguka mara moja kati ya tano. Sijapata dawa yake.

Mambo ya kukataza ni machache lakini sibishani juu yake. Chupa iwe ya soda, si ya maji ya kunywa, kwani ile ya soda imetengenezwa kuhimili gesi. Isiwe ya kioo, isiwe imechubuka wala kushinda juani. Ikishaanza kupampuliwa, watazamaji wakae hatua ishirini, mpampuaji asiinamie juu yake, na kama kizibo kimegoma, hewa itolewe kwa kuchomoa mpira wa pampu, si kwa kwenda kuchungulia. Anayenijia na vichwa vya viberiti, petroli au mbolea namrudisha nyumbani.

Sasa tuna vizibo vinne tu, na viwili vimeanza kupasuka. Ukiwa wafanya kazi hotelini na ukaviona kwenye pipa, tafadhali mpe fundi wa baiskeli wa njia panda. Atanifikishia.