Safari ya reli kwenda Mwanza na haki ya jamaa

Familia nyingi za Kiislamu zinazoishi Mbagala, Tandika, Tandale na kwingineko Temeke na Kinondoni zina asili yake bara. Watoto wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na bibi yao aliyeko kando ya Ziwa Viktoria wanamjua kwa sauti ya simu tu. Nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa hizo, hadi siku bibi alipotuuliza: "Mnangoja kuja kunisalimia au kunizika?" Swali lile lilitunyima usingizi.

Tulifikiri kwanza kuondoka baada ya swala ya Ijumaa na kurejea Jumapili. Hesabu ilikataa. Kwa reli ya zamani, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,200. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza likakamilika mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza. Safari hiyo huchukua takriban siku mbili, na mvua kubwa zikiharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, kandokando ya Mto Mkondoa, msafiri hukaa zaidi. Tukasubiri likizo ya shule.

Njiani watoto walijifunza dini kwa vitendo. Adhuhuri, Alasiri na Isha tuliziswali rakaa mbili mbili, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Magharibi ikabaki tatu na Alfajiri mbili. Kibla nacho kikawa somo. Treni ikielekea magharibi, kaskazini iko mkono wa kulia, nasi tuligeukia huko. Baada ya Tabora, njia ilipopinda kwenda kaskazini, kibla kikawa mbele yetu, na mtoto wetu mdogo akauliza kama treni sasa inakwenda Makka.

Mwanza ilitupokea kwa vilima vyake vya mawe yaliyopandana, Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini, na Kisiwa cha Saanane mbele ya mji. Lakini watoto hawakuhadithia mawe waliporudi. Walihadithia jinsi bibi alivyowashika nyuso mmoja baada ya mwingine, akiwaita kwa majina ya babu na shangazi waliofanana nao, kisha akawakalisha kwenye sinia la ugali na sato.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa takriban saa nne. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilometa 341 na kilichokabidhiwa makampuni ya China, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Siku njia yote itakapokamilika, inshaallah, huenda mapumziko ya mwisho wa wiki yakatosha kwenda ziwani na kurudi.

Hata hivyo, ndugu zetu, umri wa mzazi haumngoji mkandarasi. Kuunga udugu ni wajibu wetu leo, kwa njia iliyopo leo. Mwenye nauli ya familia nzima aende na wote; mwenye nauli ya mtoto mmoja ampeleke huyo, na likizo ijayo ampeleke mwingine. Bibi hatauliza mlipanda treni gani. Atauliza mtakaa siku ngapi.