Cha kununua, cha kuazima na cha kurudia

Steshenari za Makambako zimejaa madaftari, rula, mitihani iliyopita na, kwenye rafu ya juu, vitabu vya kiada pamoja na riwaya na tamthiliya za shule kama Takadini na Ngoswe. Njombe mjini hali ni hiyo hiyo. Mtu mzima anayetaka riwaya ya kujisomea mara nyingi hulazimika kuagiza Dar es Salaam, na hapo analipa mara mbili: bei ya kitabu na gharama ya kukifikisha.

Kwenye usafirishaji, Makambako ina nafuu. Ipo njia panda: mabasi ya Dar kwenda Mbeya yanapita hapo, na ya Njombe na Songea vilevile. Njombe, kilomita 60 hivi kuelekea kusini, inategemea yale tu yanayokunja kona ya Songea. Kwa vyovyote vile, usiagize peke yako. Walimu wanne wa shule moja wakiagiza kitabu kimoja kimoja kwenye kifurushi kimoja, gharama ya basi inagawanywa, na baada ya kubadilishana kila mmoja amesoma vitabu vinne kwa bei ya kimoja.

Wengine hukimbilia kutoa kopi. Tupige hesabu. Tuseme steshenari inatoza shilingi 100 kwa ukurasa, na riwaya ina kurasa 250: hiyo ni shilingi 25,000, kabla ya springi na jalada. Tuseme kitabu halisi kinauzwa 15,000. Hata ukibana kurasa mbili kwenye karatasi moja ukalipa 12,500, unabaki na maandishi madogo na karatasi zinazochomoka, na mwandishi hajapata hata senti. Kwa maoni yangu kopi haina faida yoyote, na kwa kitabu chenye hakimiliki ni kosa.

Swali lenye uzito ni hili: kitabu kipi kinastahili pesa yako? Mimi hugawanya bei kwa idadi ya mara nitakazokisoma. Kitabu cha 15,000 ukikisoma mara tatu kimekugharimu 5,000 kila mara. Kwa kipimo hicho riwaya za kijasusi za Elvis Musiba, kama Kufa na Kupona, ni za kuazima. Zinakukesheza usiku mzima, lakini ukishajua jasusi wake Willy Gamba ametokaje, utamu mwingi umekwisha. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni tofauti. Mara ya kwanza unamfuata Yasmin akiikimbia ndoa ya mzee Raza. Ukirudia ndipo unapoiona vizuri Zanzibar ya kudai uhuru inayomzunguka mpigania uhuru Denge. Kama uliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, irudie sasa ukiwa huna maswali ya kujibu.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni nyembamba, na wengi huiacha katikati wakidhani hawana akili ya kuielewa. Si kweli. Haikuandikwa isomwe mara moja. Anayeinunua ajue kwamba ananunua kitabu cha kurudia, na kwa hesabu yangu hakuna pesa inayokaa vizuri zaidi ya hiyo. Kisha ipo Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1968, habari za mtu anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Katika mkoa huu wa Njombe, ambako watumishi wengi wana shamba la parachichi au la miti, ni kitabu cha kusoma kabla ya kununua shamba na kukirudia baada ya mavuno ya kwanza.

Majira nayo yapangie vitabu vyake. Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mkulima hana nafasi ya kuanza kitabu kinene. Hicho ni kipindi cha kurudia vifupi, kama Kusadikika, sura moja kwa jioni. Juni hadi Agosti, baridi inapowaingiza watu ndani mapema, ndipo uanze kipya.

Na kitunze. Unyevunyevu wa Njombe unaotesha ukungu kwenye majalada ya kitabu kilichoegemezwa ukuta wa saruji. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya rafu, na vitoe vitabu juani kiangazi.

Mwenye mtoto wa sekondari amuulize kwanza mwalimu orodha ya mwaka huu, maana mitaala inabadilika na kitabu cha kaka huenda hakitumiki tena.

Kwa mwenye pesa ya vitabu viwili tu mwaka huu, ningesema anunue Nagona na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Musiba aazime kwa jirani, na arudishe.