Lawama kwa Uzito, Kosa la Urefu

Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilileta sokoni risasi mpya za wawindaji, zote zikiwa na kichwa cha kipenyo cha inchi 0.243, yaani takriban milimita 6. Winchester ilitoa .243, Remington ikatoa .244. Ganda la Remington lilibeba baruti zaidi kidogo, kwa hiyo kwa hesabu za karatasini lilistahili kushinda. Halikushinda. Kilichoiponza Remington kilikuwa ndani ya mtutu, mahali ambapo wanunuzi wengi hawachungulii.

Ndani ya mtutu wa raifo huchongwa mifereji inayojisokota kuelekea mdomoni. Gesi ya baruti ikisukuma, kichwa cha risasi hubanwa kwenye mifereji hiyo na kutoka kikizunguka. Msokoto hutajwa kwa umbali: mtutu wa 1 kwa 10 hukizungusha kichwa mara moja katika kila inchi 10. Katika mtutu huo, kichwa kinachotoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 3,500 kila sekunde.

Kasi hiyo ya kutisha ina kazi yake. Msukumo wa hewa hukikuta kichwa kilichochongoka mbele ya kitovu chake cha uzito, kwa hiyo hewa haiachi kujaribu kukipindua. Mzunguko ndio unaokishikilia, kama pia ya watoto inavyosimama maadamu inazunguka. Kichwa kikirefuka, hewa hupata wenzo mrefu zaidi wa kukipindulia, na mzunguko uliokitosha kifupi haukitoshi tena.

Hesabu yake ni ya zamani. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwanahisabati wa Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni fupi: zidisha 150 kwa mraba wa kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi, upate msokoto unaohitajika. Kwa risasi za kasi za leo, badala ya 150 huwekwa 180. Kichwa cha milimita 6 chenye urefu wa inchi 0.8 kitaridhika na mtutu wa 1 kwa 13. Kirefushe kifike inchi 1, nacho kitataka 1 kwa 10.6. Uzito haumo kabisa katika hesabu hii. Wawindaji huutaja kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye boksi, na kwa vichwa vya umbo na madini yaleyale, kizito ndicho kirefu.

Remington iliifikiria .244 kama bunduki ya kuulia wanyama waharibifu wa mashambani, ikaipa mtutu wa 1 kwa 12 na vichwa vya uzito wa greni 75 na 90. Winchester iliweka 1 kwa 10 na kuuza pia kichwa cha greni 100. Mwindaji wa Marekani alitaka bunduki moja ya kazi zote, waharibifu wa shamba na kulungu wa msimu, akaenda kwa Winchester. Remington ilikaza msokoto ukawa 1 kwa 9, na mwaka 1963 ikaibatiza risasi ileile jina la 6mm Remington. Soko lilikuwa limekwisha kuamua.

Leo mtego umerudi kwa sura nyingine. California, ili kuwanusuru ndege waitwao kondori wanaokula mizoga yenye sumu ya madini ya risasi, imepiga marufuku tangu Julai 2019 kuwinda kwa vichwa vya madini hayo. Wengi wamehamia shaba. Shaba ni nyepesi kwa ujazo, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 100 ni kirefu kuliko ndugu yake wa madini ya risasi wa greni 100. Anayenunua kwa kusoma uzito pekee anaweza kujikuta na mtutu mvivu wa kukizungusha.

Kati ya makosa mawili, afadhali msokoto uliozidi kidogo. Ukizidi mno, vichwa vyepesi vya ganda jembamba huweza kupasuka hewani. Ukipungua, kichwa huyumba na kufika ubavu ubavu.

Kwa hiyo pima mtutu wako. Hakikisha bunduki haina risasi, sukuma ndani ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana na mpini unaozunguka, kisha uone umeingia inchi ngapi ukikamilisha duru moja. Halafu jaribu risasi mpya kwenye karatasi ya shabaha. Ukiona matundu yamerefuka badala ya kuwa mviringo, usiende nayo porini.