Mtoto Achechemeaye Asubuhi

Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe. Asubuhi ukungu hufunika mabonde. Basi mtoto akiamka goti limevimba, watu wa nyumbani husema, “Ni baridi.” Hata jina la ugonjwa, baridi yabisi, huwafanya wafikiri hivyo. Lakini ugonjwa huu hupatikana katika nchi za joto pia, na mtoto wa Walikale, kule msituni, aweza kuupata vilevile.

Damu ya mtu ina askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakaishambulia ngozi laini iliyo ndani ya kiungo. Ngozi huvimba, maji hujaa. Huo si urogi, wala hauambukizi.

Namna iliyo nyepesi hushika viungo 4 au pungufu, mara nyingi goti au kifundo cha mguu, tena hudumu majuma 6 au zaidi. Huwapata hasa wasichana wadogo. Asubuhi mguu ni mgumu kama mti; ikifika saa nne mtoto anacheza na wenzake. Ndipo huitwa mvivu, ati anakimbia kazi ya kuchota maji! Si uvivu. Kiungo kilichotulia usiku kucha hukakamaa, na kikitembezwa hulainika. Kumlaza mtoto siku zote ni kumdhuru, maana misuli hunyauka na goti hupinda.

Si kila goti lililovimba ni la ugonjwa huu. Mtoto mwenye homa kali, asiyekubali kuguswa, huenda ana usaha ndani ya kiungo. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Chale za wembe hazimsaidii, huingiza vijidudu tu.

Lakini hatari kubwa ya ugonjwa huu haiko gotini, iko machoni. Jicho laweza kuvimba kwa ndani, lisiwe jekundu wala kuuma. Mtoto halalamiki, na wazazi wanapotambua, pengine nuru imekwisha kupungua. Kwa hiyo daktari wa macho humtazama kwa chombo chenye taa, tangu mwanzo, kila miezi michache. Kutoka Walikale mpaka Goma ni mbali, njia huharibika kwa mvua, na vita vimewazuia wengi. Ni vigumu kumsafirisha hivyo mtoto asiyelia kwa macho.

Dawa za kupunguza uvimbe zipo, na sindano ya ndani ya kiungo. Watoto wengi wa namna hii nyepesi hupata nafuu kubwa, na wengine hupona kabisa. Macho huendelea kutazamwa hata goti likiisha kupona.