Tumbo Likikataa Kalsiamu, Usitupe Tembe

Mja mzito anayeambiwa kliniki ameze tembe za kalsiamu, kisha tumbo likajaa gesi na choo kikawa kigumu, hushawishika kuziweka kando. Afadhali arudi kwa muuguzi. Pale ambapo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa sababu madini hayo hupunguza hatari ya shinikizo la damu la uja uzito, ambalo huweza kugeuka kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto.

Mara nyingi taabu hutokana na aina ya tembe na jinsi inavyomezwa. Iliyo rahisi kwa bei ni kalsiamu kaboneti. Hii huhitaji asidi ya tumbo ndipo iyeyuke, kwa hivyo imezwe pamoja na chakula. Tena mwili hufyonza vyema miligramu 500 au chini yake kwa mara moja; dozi ya siku igawanywe. Kalsiamu sitreti ni ghali zaidi lakini haitegemei asidi, na humfaa anayetumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazole. Tembe za kuongeza damu zimezwe saa nyingine, kwani kalsiamu huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Kwa wakazi wa Siakago kuna la ziada. Muguka, unaowalipia wakulima wengi wa Mbeere karo ya shule, hufunga choo. Anayeutafuna asilaumu tembe pekee. (Mja mzito hapaswi kuutafuna hata kidogo.) Maji ya kutosha, mboga za kunde na mapapai hulainisha choo. Wimbi lina kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi, na uji wake ukichachushwa madini hufyonzwa vyema zaidi. Anayeharishwa na maziwa ya kawaida ajaribu maziwa lala.

Je, tumbo likizidi kukataa? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Bangalore, India, kwa wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza katika kila mji, ulitangazwa mwaka wa 2024. Ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa hafifu kuliko 1,500 katika kukinga shinikizo hilo, ingawa kuhusu kuzaa kabla ya wakati matokeo ya Dar es Salaam hayakuthibitisha hivyo. Basi kupunguziwa dozi ni jambo la kumwuliza daktari, si la kujiamulia nyumbani.

Aliyewahi kuugua mawe ya figo aseme hivyo kabla ya kumeza tembe ya kwanza.